Ramani ya Zamani Si Hakimu

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Jirani wawili wa bonde la Ruzizi waligombania shamba la kando ya mto. Mmoja akakunjua mbele ya wazee ramani ya wakati wa Wabelgiji: «Tazameni, mto uko hapa. Basi shamba ni langu!» Wazee wakanyamaza. Nani atabishana na karatasi?

Mimi nabishana nayo. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, nao wenyeji wakawaambia wazi kwamba Ruzizi huingia katika Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton aliandika kwamba maji ya ziwa hutoka kaskazini kwenda Nili. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomo wa mto. Waliona nini? Maji yanaingia, kama walivyosema wenyeji! Tena mwaka 1885 Wazungu walichora mpaka kwa mstari mnyoofu, na Ziwa Kivu hawajaliona bado.

Lakini sisemi tuichome ramani. Anayeidharau amekosa sawa na anayeiabudu. Ruzizi hushuka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika, na mistari ya kimo yaonyesha vizuri jinsi unavyoshuka. Mistari ikisongamana, pale ni genge. Mto umebanwa na mawe, hauwezi kuhama. Chini ya Kamanyola mistari huachana: nchi ni tambarare, mto hupinda-pinda na kubadili njia. Basi ramani yenyewe yatuonya: hapa usiniamini sana!

Tena tupime. Katika ramani ya kipimo cha 1 kwa 200.000, milimeta moja ni mita 200. Unene wa wino peke yake wafunika shamba zima la maskini. Je, utamnyang'anya mwenzako chakula cha watoto kwa sababu ya unene wa wino?

Enyi wazee, msinyamaze. Mwenye karatasi na aje nayo, lakini twende wote kwa miguu mpaka shambani. Mwonyeshe mto ulikopita zamani na nani alilima pale. Kisha pandeni miti ya mpaka, majirani wote wakitazama.