Imamu Mgeni Hashibi kwa Kahawa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Imamu mgeni hapewi hata hizo siku mbili. Ashukapo garini na kifurushi chake, magharibi ya siku hiyohiyo husukumwa mihrabuni, na kukicha yupo maiti wa kusaliwa, na mume na mke waliokosana wamngojea barazani. Jembe analo mkononi kabla hajajua kisima kilipo.

Sisemi kwamba sisi watu wa pwani hatujui kupokea. Twajua sana, pengine kupita kiasi: siku ya kwanza pilau, ya pili mahamri kwa mbaazi, na kahawa tungu hadi usiku. Lakini nimekaa mitaa kadhaa ya Mombasa, na nionavyo mimi, mapokezi ya imamu hupimwa mwezi wa tatu, sinia zikishaacha kuja na mwenye nyumba akabisha hodi kutaka kodi yake.

Hapo ndipo penye aibu yetu. Mshahara wa imamu twaufanya siri, kana kwamba kuutaja ni kufuru. Huambiwa "Mola atafungua", kisha akaachwa aishi kwa bahasha za hitima na za nikaha. Mtu anayengojea bahasha ya tajiri wa safu ya mbele, atamkemeaje tajiri huyo katika khutba ya Ijumaa akiwadhulumu wapangaji wake? Tumemfunga ulimi kwa njaa, halafu twalalama kwamba mashekhe wa siku hizi hawasemi kweli!

Tulipokuwa chuoni tulipeleka ada kila Alhamisi. Ilikuwa senti tu, lakini ilikuwa na siku yake, na mwalimu aliitegemea pasi na kumwinamia mtu. Leo mchango wa harusi hukusanywa kwa M-Pesa jioni moja. Kamati ya msikiti yashindwaje kuandika daftarini kiasi cha mwezi, nyumba ya kukaa na siku za kwenda kwao kuwaona wazazi, kisha ikayasoma hayo mbele ya maamuma, imamu mwenyewe akisikia?

Jirani zetu Wamethodisti, walioko Ribe tangu 1862, wamezoea kuletewa mchungaji mpya kila baada ya miaka kadhaa, maana desturi ya kanisa lao ni kuwahamisha. Aghalabu nyumba ya mchungaji huwa ipo kabla yeye hajafika. Kuliiga hilo hakumpunguzii mtu dini yake.

Liko na la ulimi. Imamu mpya husaliwa nyuma, na masikio yamtafuta marehemu aliyemtangulia. "Yule alikuwa na sauti." "Yule hakurefusha rakaa." Na wazee wa baraza, kila mmoja amtaka upande wake katika magomvi ya miaka ishirini: maulidi, kuandama kwa mwezi, funguo za sanduku. Mwacheni kwanza ajue majina ya watoto. Mwenye la kumsahihisha na amwendee nyumbani kwake.

Habib Swaleh naye aliingia Lamu katika karne ya 19 akiwa mgeni kutoka Ngazija. Si waungwana wote waliomfurahia, maana aliwasomesha wanyonge, watumwa wakiwamo. Waliomkalia karibu ni watu wa Langoni. Alifariki 1935, na hadi leo maulidi ya msikiti wake wa Riyadha huwakusanya watu wa pwani nzima.

Kuna mmoja ambaye kamati hazimtaji kabisa: mke wa imamu. Naye amehama, kaacha mama na mashangazi, na watoto hawana shule. Kina mama wanaopita kwake alasiri wakamwonyesha zahanati, sokoni, na duka linalokopesha, wamemfaa imamu kuliko hotuba zetu zote za makaribisho. Mtaani kwetu nawajua watatu wafanyao hivyo, wala hapana aliyewatuma.