Mchezo Unaitwa Mombasa, Watu wa Mombasa Wako Wapi?

Mpwani yeyote akisikia kuna mchezo wa mezani unaoitwa Mombasa, lazima moyo umpige. Halafu boksi linafunguliwa. Ndani kuna ramani ya Afrika na makampuni manne: moja la Mombasa, mengine ya Cape Town, Saint-Louis na Cairo. Mchezaji ni mwekezaji. Ananunua hisa, anatawanya vituo vya biashara bara zima, anashughulika na pamba, kahawa, ndizi na almasi, na mwisho zinahesabiwa pesa kuona nani katajirika zaidi. Wenyeji? Hawana kete, hawana zamu.

Mchezo huo ulitoka 2015, kazi ya mbunifu kutoka Austria, na mwaka uliofuata ukabeba tuzo kubwa huko Ujerumani. Na haki isemwe: ni mtamu. Hapo ndipo penye shida. Mchezo mbovu unarudishwa kabatini siku ileile. Mchezo mtamu unachezwa mara ishirini, na mara zote ishirini unarudia somo lilelile: Afrika ni shamba lisilo na mwenyewe, anayewahi ndiye anayepata.

Watengenezaji walilijua hilo. Kijitabu cha kanuni kinautaja unyonyaji wa enzi ile, kisha kinaeleza kwamba mchezo hauuonyeshi waziwazi. Eti basi, yameisha. Ni sawa na mgeni anayesema "samahani" mlangoni halafu anaingia na viatu vyenye matope.

Kinachouma zaidi ni kwamba utafiti kidogo tu ungewapa mchezo mzuri zaidi. Kampuni ya Waingereza iliyofanya makao Mombasa ilipewa hati ya kifalme 1888. Pwani yenyewe iliipata kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Haikufika mbali: pesa zilikata, na 1895 serikali ya Uingereza ikachukua usukani. Mwaka huohuo Wamazrui wakashika silaha. Na kabla ya hao wote, Mombasa ilikuwa ikifanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, ikipeleka pembe za ndovu na nafaka, siyo makontena ya ndizi. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, na 1698 wakatolewa na Waomani. Sultani, deni, uasi, kampuni inayozama: mbunifu gani anaacha utamu kama huo mezani?

2022 mchezo uleule ukarudi na sura mpya. Safari hii makampuni yanachimba madini mwezini na kwenye vimondo. Ujanja mzuri, maana mwezini hakuna mtu wa kulalamika. Lakini huko ni kukimbia swali, siyo kulijibu. Miaka mitatu kabla yake, kampuni nyingine, ya Marekani, iliuondoa sokoni mchezo wake kuhusu kugawana Afrika hata kabla haujachapishwa, baada ya watu kupiga kelele. Kote kuwili, kosa lilionekana wakati kazi imeshafika mbali. Aliyetakiwa kuulizwa mwanzoni hakuulizwa.

Wapo watakaosema, "Jamani, ni mchezo tu." Sawa. Basi watazame mchezo maarufu wa ndege uliotoka Marekani 2019. Una kadi 170 za ndege, na kila kadi inataja upana wa mabawa kwa sentimita, makazi ya ndege huyo na aina ya kiota chake. Mbunifu wake alichimba takwimu za wataalamu wa ndege mpaka zikakaa sawa, na mauzo hayakudorora hata kidogo. Kumbe inawezekana! Kama mabawa ya ndege yanapimwa kwa sentimita, mji wenye watu wake na karne zake za historia unakosaje hata simu moja ya kuuliza?

Tena uzembe huu haupo kwenye michezo ya ukoloni peke yake. Madukani Ulaya na Marekani unauzwa ubao wa mashimo sita kila upande na ghala mbili, umeandikwa "mancala", na mara nyingi boksi linadai ni mchezo wa kale wa Afrika. Kanuni zinazouzwa humo zilitungwa na Mmarekani mmoja mwaka 1940. Mancala lenyewe ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya kuhamisha, na linataja ukoo mzima wa michezo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina nyumba, lina namua na mtaji. Wazee wanaolicheza barazani wapo, wako hai, na wanapenda kuulizwa. Anayeandika "mchezo wa kale wa Afrika" bila kumuuliza hata mmoja wao anauza jina la watu, siyo mchezo wao.

Suala si kuchora kanga na minazi pembeni mwa boksi. Mchezo unafundisha kwa kanuni zake: nani ana zamu, nani anahesabiwa alama, nani hayupo kabisa. Kwa hiyo mjuzi wa mahali aitwe wakati kanuni bado ni karatasi na penseli, alipwe kama mchoraji anavyolipwa, jina lake liandikwe kwenye boksi, na awe na uwezo wa kusema "hii toa" ikatolewa kweli.

Na vijana wanaoanza kubuni michezo Nairobi na Dar wasijione wamepona. Kumbandika Mmasai na mkuki kwenye kila boksi ili mtalii anunue ni uvivu uleule, tofauti ni kwamba umetengenezewa nyumbani.

Haya wadau, mchezo wa Mombasa ukitengenezwa upya leo, nani apewe zamu ya kwanza?