Bima ya nduthi: usinunue stika tu

Ukipata leseni yako ya kwanza ya pikipiki hapa Nakuru, ushauri utakufuata kila mahali. Fundi atakuambia oili gani inafaa. Wasee wa steji watakuonyesha njia ya kukwepa karao. Lakini uliza kuhusu bima na jibu huwa moja: "Chukua ile rahisi kabisa, hiyo ni stika tu ya polisi."

Ushauri huo unaweza kukumaliza.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila chombo kinachoendeshwa barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo haitengenezi nduthi yako wala haigharamii mguu wako. Inamfidia yule utakayemgonga, tuseme mama anayevuka barabara pale Free Area, na kiwango chake kinafika hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Bila bima halali, mahakama itakuangalia wewe. Kijana wa miaka 22 ambaye mali yake yote ni nduthi ya mkopo atatoa wapi pesa hizo?

Kuhusu bei, kuna jambo wengi hawaambiwi. Kule Uingereza, leseni mpya na umri mdogo hupandisha bei ya bima vibaya sana. Hapa kwetu, bei ya bima ya mtu wa tatu hutegemea zaidi kazi ya pikipiki: matumizi binafsi, kubeba abiria au kupeleka mizigo. Umri hukuuma ukitaka bima kamili, ile inayolipia pia pikipiki yako. Mara nyingi mkataba humtaka dereva mdogo au mwenye leseni changa ajilipie kiasi kikubwa zaidi kabla kampuni haijatoa chake. Uliza kiasi hicho kabla hujatuma pesa.

Mtego mkubwa uko kwenye hiyo kazi ya pikipiki. Kwa kuwa bima ya binafsi huwa rahisi kuliko ya abiria, kijana anaandikisha "binafsi". Asubuhi anaenda darasani Egerton, jioni anabeba watu Njoro mjini. Siku abiria akivunjika mguu, kampuni itauliza alikuwa analipa nauli au la. Sheria haiilazimishi bima ya binafsi kumlipa abiria. Ile mia chache aliyookoa inageuka kuwa kesi. Hata leseni ni hivyo: A2 ni ya pikipiki ya kawaida, lakini bodaboda na wa kupeleka mizigo wanahitaji A3.

Basi unafuu utatoka wapi? Kwanza, uliza bei kwa kampuni au mawakala watatu, ukitaja kazi ileile kwa wote. Pili, kama mwaka mzima ni mzito, uliza bima ya mwezi, lakini piga hesabu: miezi 12 ikijumlishwa huenda ikapita bei ya mwaka. Tatu, ingia sacco au chama cha steji. Watu 40 wakienda pamoja wana sauti kuliko mmoja. Nne, dai mchanganuo wa bei. Tozo za serikali ni ndogo: ushuru wa stempu Sh40, mafunzo asilimia 0.2 na mfuko wa fidia asilimia 0.25. Zaidi ya hapo, wakala akueleze.

Na kama nduthi ni ya mkopo, uliza bima iliyo ndani ya malipo inamlinda nani. Isije ikawa inamlinda anayekudai peke yake.

Kisha hakiki. Vyeti vya bima siku hizi ni vya kidijitali na vinaweza kuthibitishwa kwa nambari ya usajili. Mamlaka ya kudhibiti bima, IRA, nayo huchapisha orodha ya kampuni zilizo na leseni. Tumeona Blue Shield ikiwekwa chini ya msimamizi 2011, na Resolution 2022. Waliokuwa na madai walibaki wakisubiri.

Lakini mzigo wote usiwe wa kijana. Mikopo ya nduthi tayari inalipwa kila siku kwa simu. Kama deni linaweza kukatwa kila siku, mbona bima ya siku au ya wiki isiwe jambo la kawaida katika kila kampuni? Na anayemaliza mwaka bila kugonga mtu apunguziwe bei, hata kwenye bima ya mtu wa tatu. Mawakala wanaowaandikia bodaboda "binafsi" wakijua wazi wanabeba abiria nao wapokonywe leseni, kwa sababu wanauza karatasi ambayo haitasaidia mtu siku ya ajali.

Mpaka hayo yafanyike, sema ukweli kuhusu kazi ya nduthi yako, halafu tafuta bei nzuri ya ukweli huo.