Stroller Kitui na Wote: Kabla Utume Doh, Pima Kwanza Mlango wa Keja

Wasee wa Ukambani, hebu tuongee ukweli. Siku hizi mtoto akizaliwa, mbogi ya WhatsApp inauliza kitu moja: "Stroller mshanunua?" Zamani susu alikuwa anafunga mtoi mgongoni na leso, mambo kwisha. Sai bila picha ya kigari kwa status, unaonekana kama hujajipanga.

Cuzo yangu wa Wote alishikwa na hio presha. Yeye na bwanake walichanga, wakaagiza kigari kikubwa cha magurudumu matatu kutoka Nairobi. Kwa mat, konda alidai nauli ya kiti kizima. Kufika kwa bedsitter, ukikifungua, mlango wa keja haufungi. Saa hii hicho kigari kinabeba mtungi wa lita 20 kutoka kwa tangi ya ploti. Mtoi? Ako mgongoni, kwa leso.

Tulimcheka sana. Lakini ukifikiria, cuzo hakuwa mjinga. Alinunua kigari cha mji ambao hatuishi.

Keja ndogo, njia nyembamba

Tangu ugatuzi uanze 2013, Wote na Kitui zimejaa ofisi za kaunti, wafanyikazi, wanafunzi na ploti za chumba kimoja kimoja. Kuna pesa imeingia pia. Mradi wa Kenya Urban Support Program, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umesaidia manispaa kujenga barabara, taa na njia za miguu. Wote hata ilipata Green Park, pahali unaweza sukuma mtoi jioni bila stress.

Shida ni kufika hapo. Njia ya miguu iko, lakini nduthi zimepaki hapa, mitumba imetandikwa pale, na mbele kuna mtaro bila kifuniko. Mathe wa leso anaruka tu. Mathe wa kigari anashuka kwa lami, mtoi akitangulia mbele ya Probox. Hapo ndio mambo inakuwa serious.

Na usilaumu mama wa mitumba. Yeye pia anatafutia watoi wake. Kanjo wakimfukuza leo bila kumpea nafasi sokoni, kesho atarudi palepale.

Sasa ununue gani?

Kwanza, pima. Mlango wa keja, ngazi, na ile kona kitalala usiku. Enda dukani na futi, si na macho.

Pili, kikunje mwenyewe na mkono moja, juu ule mwingine utakuwa umeshika mtoi. Kisha kibebe. Kama unaishi floor ya tatu na kinakushinda dukani, ngazi itakumaliza.

Tatu, angalia magurudumu. Yale madogo ya plastiki ni poa kwa lami na cabro, lakini mchanga wa Kitui unayameza. Makubwa yanapita kwa mchanga, ila hayo hayakunjiki vizuri. Huwezi pata vyote, so chagua kulingana na njia unayopita kila siku.

Nne, mtoi mchanga hawezi kaa wima. Vile vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli vingi ni vya mtoto anayejua kukaa mwenyewe, around miezi sita. Kabla ya hapo, kiti lazima kilale flat.

Tano, ukichukua ya mitumba, jaribu breki, mikanda na ile loki ya kukunja. Kigari kikijikunja na mtoi ndani, bei rahisi haitakusaidia. Usining'inize shopping kwa mshikio, kinaweza pinduka nyuma. Na jua la Ukambani likiwaka, usikifunike na leso. Hewa inakwama na joto inapanda haraka. Tafuta kivuli.

Na kama njia yako yote ni mchanga na mitaro, weka hio doh kwa kitu ingine. Leso si ushamba. Inapita kila mahali, inakunjwa ikaingia kwa mfuko, na haijawahi lipishwa nauli.

Hii si story ya watoi pekee

Kipengele cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali bila kuhangaishwa. Njia inayopitisha kiti cha magurudumu inapitisha kigari cha mtoi, na mzee wa bakora pia. Mtaro ukifunikwa na nduthi zikipewa stage yao, wote wamepita.

So MCA wako akiitisha kikao cha bajeti, usiende tu kwa sababu ya soda. Muulize njia ya miguu inaishia wapi. Cuzo yangu amesema ataenda, na atabeba hicho kigari. Akishamaliza kuteka maji.