Vazi la Mwanamke Lisiheshimiwe Siku Moja Tu

Huko Ascot, Uingereza, Alhamisi ya Kombe la Dhahabu huitwa Siku ya Mabibi; kofia zao hutazamwa kuliko farasi. Kasese na Bwera hatuna mbio hizo. Siku yetu ni tarehe 8 Machi, gomesi na vitenge vinapong'ara, nasi sote twasifu.

Je, tarehe 9? Mwaka 2014, sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa saini, wapo wanawake waliovuliwa nguo hadharani na makundi ya watu. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021, lakini hukumu haifungi vinywa vya vijiweni.

Ibara ya 33 ya Katiba yatambua utu wa mwanamke kuwa sawa na wa mwanamume. Tunayempigia makofi leo, tusimzomee kesho.