BCM Haijakufa, Ni Wewe Hutaki Kulipia Kupimwa

Wasee, kuna video yangu ya mwaka jana mliipenda sana, ile ya "Dalili tano kwamba BCM ya gari yako imekufa". Nimeifuta jana usiku. Kabla muanze kunijazia inbox na "bro, link iko wapi", kaeni hapo niwaambie kwa nini, kwa sababu hiyo video ilikula familia yangu karibu elfu arobaini, na nina uhakika kuna wengine wenu pia iliwakula.

Kwa wale wa kupanda mathree pekee: BCM ni kompyuta ndogo inayosimamia vitu vya bodi ya gari. Taa, indiketa, waipa, honi, vioo vya umeme, kufunga milango, na kwa magari mengi pia inahusika na kutambua ufunguo wako. Si ile ya injini, hiyo ni nyingine. Hii hukaa imejificha nyuma ya dashibodi, na ikianza kukosea gari linafanya vituko hadi unashuku jirani ameenda kwa mganga.

Sasa, anko wangu anaishi Umoja na anaendesha Nissan Note kwa kazi ya teksi za simu. Hiyo ndai ndiyo inalipa rent, ndiyo inalipa karo ya binamu yangu wa Form Three, na logbook yake iko kwa watu wa mkopo. Ikisimama siku moja, nyumba yote inasimama. Mvua ya Aprili ilipoanza, ikaingiwa na pepo. Waipa zinaamka zenyewe. Milango inajifunga na kujifungua saa nane usiku, tak tak tak, hadi soja wa ploti anakuja kugonga kwa nyumba akidhani kuna mtu anaiba gari. Asubuhi betri imekauka.

Fundi wa kwanza, sitasema ni wa wapi, alichomeka kale kaskana kadogo ka Bluetooth, akaangalia simu yake, akatikisa kichwa kama daktari. "Boss, BCM imeenda." Anko akanipigia. "Kijana, wewe si ndiye wa hizi vitu? Fundi anasema ni BCM." Na mimi, badala ya kumuuliza fundi amepima nini, nikamtumia video yangu. Dalili nne kati ya tano zililingana, na Anko akatoa pesa.

BCM ya mitumba, 24,000. Kuifunga, 3,000. Imefungwa, gari likakataa kuwaka kabisa, kataa ka ufunguo kanapepesa tu kwa dashibodi. Hapo ndipo tuliambiwa kuna "programming", na jamaa wa laptop akaitwa, 9,000 nyingine. Jumla 36,000, na siku sita bila kazi. Gari likapona, Anko akanishukuru hata. Jumapili mvua ikanyesha. Jumatatu saa nane usiku: tak tak tak.

Hebu niseme jambo moja kuhusu hiyo "programming", kwa sababu watu huidhani ni wizi na si wizi. Kwa Nissan za aina hiyo, kumbukumbu ya funguo za gari inakaa ndani ya BCM. Ukitoa sanduku kwa gari lingine, limekuja na kumbukumbu za funguo za mwenyewe wa zamani huko Japani. Ni kama kubadilisha soja wa geti halafu unashangaa mbona hakujui. Lazima funguo zisajiliwe upya, zote, na gari lielezwe lina vifaa gani. Fundi anayejua kazi anakuambia hiyo bei kabla hajashika spana. Huyo wetu alituambia baada ya gari kukataa.

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja Kariobangi Light Industries. Mzee alitaka 1,500 ya kupima tu, kabla ya kutengeneza chochote. Anko akawaka. "Fundi, nikulipe kwa kuangalia?" Mzee hakukasirika. Akasema, "Basi rudi kwa yule wa bure," akaendelea kunywa chai yake.

Nataka mlale na hilo swali la Anko, kwa sababu ndilo swali la mtaa mzima. Mtu ametoa elfu thelathini na sita kwa sanduku ambalo hakuna mtu alithibitisha ni bovu, bila kuuliza hata mara moja. Lakini elfu moja mia tano ya kujua ukweli, hapo ndipo anaona anaibiwa! Na si Anko pekee. Ni wewe, ni babako, ni jamaa ya Donholm ya gari kubwa. Tunataka kitu cha kushika mkononi. Sanduku liko na uzito, lina plastiki, lina namba. Kipimo hakina uzito, kwa hivyo tunasema ni bure.

Matokeo yake ni haya. Fundi anayepima anakula hewa, fundi anayeuza spea anakula kamisheni. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Msiniambie jua kali ni wezi. Nimekulia hapa, najua majamaa waliofunga injini usiku na tochi ya kabambe kwa mdomo, na gari likaenda hadi Busia likarudi. Ujuzi uko. Kile hakuna ni mteja wa kulipia ule ujuzi.

Anko alilipa, lakini akinung'unika. Mzee akawasha taa zote na waipa, akaweka waya mmoja wa multimita kwa hasi ya betri na mwingine kwa bolti iliyo chini ya dashibodi, ile inayounganisha waya mweusi wa BCM na bodi. Hapo unatakiwa kupata karibu na sifuri, sehemu ya kumi ya volti hivi. Akapata 1.4. Akainua kapeti: maji. Kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa kabla Anko anunue hiyo gari, na aliyekiweka hakuziba pembe moja vizuri. Mvua inateremka ndani ya nguzo, inafika kwa ile bolti, bolti imeota kutu ya kijani kwa pini za soketi pia.

Kwa nini hiyo inatosha kuleta pepo? Kompyuta inajua umeme kwa kulinganisha na sifuri yake. Kutu ni ukinzani, na mkondo ukipita kwenye ukinzani, volti inabaki hapo. Sifuri ya BCM inakuwa volti moja na nusu, inapanda na kushuka kulingana na taa gani zimewaka. Swichi ambayo haijaguswa inaonekana imeguswa. Ni kanuni ya Ohm tu, fizikia ya sekondari. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea umeme, na hiyo kanuni niliijua kabla hata sijaingia getini. Niliijua nikitengeneza ile video. Sikuiweka kwa sababu "safisha bolti ya waya mweusi" haileti views.

Na kale kaskana? Mashine za bei hiyo zimejengewa kusoma kodi za injini, zile zinazoanza na P, kwa sababu sheria ya Marekani ililazimisha magari ya kuanzia 1996 yawe na lugha moja ya mambo ya moshi. Kodi za bodi, za B, nyingi zinataka mashine inayoongea lugha ya mwenye gari. Kalichopata ni U1000, ambayo kwa Nissan inamaanisha tu kwamba kompyuta hazisikizani kwenye mtandao wa gari. Haisemi nani amenyamaza. Ni kusikia kelele kwa ploti, halafu unapiga mlango wa kwanza teke.

Kenya gari halikubaliwi kuingia likiwa limepita miaka minane. Lakini likishaingia linaishi na sisi miaka mingine kumi, kumi na mitano, na kila mtu anapita chini ya hiyo dashibodi: mtu wa redio, mtu wa alarm, mtu wa kufunga tracker ya mkopo. Kila mmoja anakata waya, anaunganisha na selotepu, anaenda. Kabla ulaumu kompyuta iliyofungwa Japani, angalia kazi iliyofanywa Jogoo Road.

BCM hufa kweli, sikatai. Lakini kifo kina ushahidi. Betri iliyojaa na imepumzika inasoma karibu 12.6, si 11 na kitu. Fyuzi zote za BCM ziko sawa, na umeme unafika kwenye soketi yake wakati mzigo umewashwa, si wakati gari limelala. Waya mweusi ni safi. Mtandao nao unapimika: toa betri, pima kati ya pini ya 6 na ya 14 za ile soketi ya skana, upate karibu ohm 60, kwa sababu ziko resista mbili za 120 kila upande. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Halafu kwa mashine ya maana, bonyeza swichi ya indiketa uone kama BCM inaona umebonyeza. Ikiona, na umeme iko nao, na bado haitoi kitu upande wa pili, sasa hapo tunaweza kupanga mazishi.

Na ukibadilisha, namba ya spea ilingane herufi kwa herufi, uende na funguo zote, na ile ya zamani uende nayo nyumbani. Yetu tuliiacha kwa fundi wa kwanza kama takataka. Ilikuwa nzima. Tulirudi kuiuliza, tukaambiwa ilitupwa. Mimi nadhani iko ndani ya gari la mtu hapa Eastlands, na huyo mtu pia ameambiwa yake imekufa.

Mzee alisugua bolti na msasa, akasafisha pini, akakausha kapeti, akaziba kile kioo. Bei yote, pamoja na ile 1,500, ikawa 4,500. Mvua imenyesha mara nyingi tangu hapo na soja hajagonga.

Juzi nilimpata Anko akimsimulia dereva mwenzake hiyo stori yote kwa stage, vizuri kabisa, hadi volti alizitaja. Yule jamaa akamuuliza huyo mzee anachaji pesa ngapi. Anko akamwambia. Jamaa akashtuka: "Elfu moja mia tano? Ya kuangalia tu?"