Polisi wa filamu ni mjinga, lakini haombi pesa

Filamu ya kuchekesha kuhusu polisi na wezi haihitaji mkalimani. Gari la polisi linakata kona vibaya, la pili linaligonga, la tatu linapanda juu ya hayo mawili. Mkubwa wao anatoka ndani, kofia imekaa upande, naye bado anatoa amri. Wezi wamekwisha kuvuka daraja. Watu wanacheka Marseille, na Goma wanacheka vilevile.

Wako wanaosema kwamba kicheko hicho kinavunja heshima ya polisi. Ukizitazama filamu zenyewe kwa makini, utaona kinyume chake. Ni watu wachache waliowatendea polisi wema kama wachekeshaji.

Mtindo huo ulipata sura yake Los Angeles, nchini Marekani, baada ya Mack Sennett kuanzisha studio ya Keystone mwaka 1912. Filamu zake zilikuwa fupi na bila sauti. Ndani yake kulikuwa kikosi cha polisi ambacho kilikuwa nadra kufika mahali kikiwa kizima. Katika Bangville Police ya mwaka 1913, msichana wa shambani, aliyeigizwa na Mabel Normand, anasikia sauti zizini. Anadhani ni majambazi, anapiga simu. Polisi wanatoka mbio, wengine kwa miguu, wengine katika gari lenye moshi mwingi kuliko mwendo. Kumbe hakuna mwizi. Ndama amezaliwa, basi.

Waliojaza vyumba vya sinema wakati huo walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyakazi na wahamiaji, watu wa kulipa senti 5 ao 10 mlangoni. Fimbo ya polisi hawakuijua kwa kusimuliwa. Na mwaka huohuo wa 1912, magazeti yao yalijaa habari nyingine ya polisi, isiyochekesha hata kidogo. Mwezi wa Julai, mjini New York, mwenye nyumba ya kamari aliyeitwa Herman Rosenthal alipigwa risasi nje ya hoteli, baada ya kuliambia gazeti kwamba ofisa mmoja wa polisi, Charles Becker, alikuwa na fungu lake katika biashara hiyo. Becker alihukumiwa kifo, akauawa kwa kiti cha umeme mwaka 1915. Wako wanahistoria wanaotilia shaka kama kweli aliagiza mauaji yale. Kuhusu pesa alizokuwa akizikusanya kwa wacheza kamari, ubishi ni mdogo.

Basi Sennett alikuwa na polisi wa aina mbili mbele yake: anayeanguka na anayekula. Alimchukua anayeanguka. Polisi wa Keystone anapigwa na mlango, anaburutwa na gari, anafyatua bastola hewani. Si kawaida yake kupokea bahasha. Hata hivyo wakuu wa polisi walikwisha kununa mapema: mwaka 1910 chama chao cha kimataifa kililaumu sinema kwa namna zilivyowaonyesha polisi. Hawakujua bahati yao. Mtu anayeitwa mjinga mbele ya watu anaumia kidogo, lakini hakuna anayemwuliza nyumba yake aliijenga kwa pesa gani.

Kongo watu hawajui sana filamu za Sennett. Wanajua Taxi, ile ya Wafaransa ya mwaka 1998, iliyoandikwa na Luc Besson na kuongozwa na Gérard Pirès, pamoja na zile zilizoifuata. Majambazi wa Kijerumani wanaiba benki za Marseille na kukimbia kwa Mercedes. Polisi, chini ya kamishna Gibert, wanapanga mitego mikubwa inayowarudia wenyewe. Anayewashinda majambazi ni Daniel, dereva wa taksi mwenye Peugeot nyeupe, akishirikiana na Émilien, polisi kijana anayefeli mtihani wa kuendesha gari kila anapoujaribu. Wezi wanaishia juu ya daraja ambalo halijamalizika kujengwa: mbele shimo, nyuma shimo. Katika ya nne, ya mwaka 2007, jambazi Mbelgiji anayengoja kupelekwa Afrika anawadanganya walinzi wake mpaka wanamwachia.

Gibert ni mpumbavu wa kupigiwa mfano. Lakini jaribu kumkumbuka akimwambia dereva atoe kitu ndipo apite. Hakuna. Akikusimamisha barabarani utapoteza saa moja, labda na gari lako litabonyea. Pesa ya chakula utarudi nayo nyumbani. Kwa mkaaji wa Kinshasa, huyo hafiki kuwa polisi mbaya. Ni polisi wa ndoto.

Hapa ndipo kicheko hicho kinapoanza kuwa na kasoro. Filamu za namna hii zinashika mpaka mmoja kwa nguvu: polisi huku, mwizi kule. Mmoja hana akili, mwingine anayo, lakini hawachanganyiki. Mtu aliyeibiwa usiku, akaita msaada, akaombwa kwanza pesa ya mafuta ya gari, anajua kwamba mpaka huo si wa kweli kila mahali. Naye dereva anayeombwa madesu ya bana, maharagi ya watoto, kwenye mzunguko wa barabara, anajua pia.

Kuna vijana wa kamera Kinshasa na Lubumbashi ambao wangependa kutengeneza Taxi yao. Wafanye hivyo, lakini wasimchukue Gibert mzimamzima na kumvalisha sare ya hapa. Utafiti kuhusu polisi wa usafiri barabarani wa Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la American Economic Review, uligundua kwamba mapato halisi ya kitengo hicho ni mara 5 ya yale ya faini. Sehemu kubwa inatokana na mpango ambamo wakubwa wanawapa wadogo hesabu ya madereva wa kuletwa kituoni. Asiyetimiza hesabu ana shida na mkubwa wake. Watafiti wenyewe walionyesha kwamba hesabu hiyo inaongeza msongamano na ajali.

Hiyo ni filamu tayari. Polisi mdogo, mshahara haba, anaruka mbele ya teksi, anang'ang'ania mlango, anashika usukani kupitia dirishani. Anakimbia kuliko polisi wote wa Sennett, ila hafukuzi mwizi, anafukuza hesabu ya mkubwa. Watazamaji wangemcheka na kumhurumia kwa wakati mmoja, na macho yao yangepanda ngazi hadi ofisi ya juu.

Je, ingeruhusiwa? Mwaka 2021 tume ya taifa inayochunguza nyimbo na maonyesho ilikataza wimbo wa kikundi cha MPR, Nini to sali te, uliolalamikia hali ya nchi, kisha katazo likaondolewa baada ya makelele ya watu. Lakini Lubumbashi ina mfano wa zamani zaidi. Kikundi cha Mufwankolo kilicheza michezo yake kwa Kiswahili tangu enzi za Mobutu, na mwaka 1986 kilicheza Le pouvoir se mange entier, mchezo kuhusu mamlaka na jinsi yanavyoliwa, ukaonyeshwa kwenye televisheni. Chama kilikuwa kimoja, na watu walicheka wakijua wanachocheka. Wachekeshaji wa leo wana simu mkononi na watazamaji wengi kuliko Mufwankolo aliyewahi kuwa nao, na wengi wao bado wanamchagua polisi anayeteleza juu ya ganda la ndizi.